Hodi ya Nne

Shufaa Mwinyimkuu hapigi hodi. Ni vizuri mlijue hilo kabla hajafika kwenu. Anasukuma mlango, anaingia mpaka ulipo, anakutazama kama uko mzima, ndipo anakusalimia. Na si kwamba hakulelewa. Ni mzaliwa wa Bagamoyo mjini, baba yake alikuwa akifundisha chuo cha Kurani, na nyumba ile hata paka alikaribishwa kwa adabu. Lakini mwaka wa tatu sasa ndivyo alivyo, na hapa Kerege watu wameshachoka kumsema.

Siku moja alimfumania jirani yangu Hajra akiwa na khanga moja, anapaka miguu mafuta.

"Shufaa! Hata kuku wangu anasimama mlangoni kwanza!"

"Siku kuku wako akinyamaza," Shufaa akamjibu, "ingia haraka."

Hajra alinisimulia akicheka, lakini mwishoni mwa maneno kicheko kilikuwa kimemtoka.

Mimi nauza sufuria kando ya barabara ya Bagamoyo, pamoja na vinu, michi, miko na mabeseni. Nimetoka bara, kwetu Mahenge, ambako mtu anapiga hodi akiwa ameshafika jikoni na ameshafunua chungu. Adabu ya pwani nilijifunza ukubwani. Huku hodi ni tatu. Unapiga ya kwanza unasubiri, ya pili unasubiri, ya tatu unasubiri. Usipojibiwa, unageuza. Huchungulii dirishani, husukumi mlango, huulizi majirani. Mwenye nyumba amenyamaza, na kunyamaza nako ni jibu.

Nilimjua Shufaa alipokuwa mwalimu kwenye kituo kidogo walichokianzisha wazazi wenyewe nyuma ya mashine ya kusaga, vyumba viwili na kibaraza. Wanafunzi wake hawakuwa watoto. Walikuwa watu wazima wenye ulemavu, wengine wana ndevu, na bado mama zao waliwakata kucha na kuwamenyea machungwa. Shufaa aliwafundisha kuwasha jiko la gesi bila kuunguza nyusi, kuchambua mchele, kufua shuka na kulikamua, kumwambia kondakta wanashukia wapi. Zaidi ya yote aliwafundisha kufunga mlango kwa ndani, na kuufungua. Mtu asiye na mlango wa kufunga, alikuwa akisema, hana nyumba, kahifadhiwa tu.

Kwangu alikuja na ombi ambalo sijawahi kuletewa.

"Mama Oscar, nina watu wangu sita. Nataka uwanyonye."

"Niwanyonye?"

"Kama unavyowanyonya wengine. Nikiwaleta kununua, usiwahurumie. Wakizoea kuhurumiwa sokoni watahurumiwa mpaka kaburini."

Kazi hiyo niliifanya kwa moyo mmoja. Niliwapandishia bei, nikawasifia vitu vibovu, nikawaambia sufuria nyepesi kama karatasi ni ya kurithisha wajukuu. Wengine walilia. Mmoja tu alinishinda.

Huyo ni Kombo. Alikuwa na miaka ishirini na sita, anatembea kwa magongo mawili, na mtindio wa ubongo ulimnyima ulimi. Maneno yalijaa kichwani lakini mdomoni yakatoka mlio ambao mama yake tu aliuelewa. Mikono yake ilikuwa mizuri. Aliziba ndoo na madumu yaliyotoboka, kwa chuma cha moto na vipande vya plastiki, na ndoo aliyoiziba yeye haikuvuja tena.

Sasa, wateja wa sufuria wana tabia ya kuigonga kwa kidole, wasikie kama ni nzito. Kombo aliichukua tabia hiyo akaifanya lugha. Akigonga mara moja, amekubali. Mara mbili, punguza. Siku ya kwanza alinigongea mbili, nikapunguza. Mbili, nikapunguza. Mbili tena, mpaka watu wakajaa.

"Mama Oscar, leo umepata mwenzio!"

"Haya, chukua, umeniua," nikamwambia. Akaitazama sufuria, akagonga mbili.

"Sasa unataka nini? Si nimeshakubali!"

Akanyoosha kidole kwenye mfuniko. Nikampa na mfuniko. Sijawahi kumpa mtu mfuniko bure, na sijarudia.

Sufuria hiyo ndiyo aliyohamia nayo kwenye chumba changu cha nyuma, ukuta mmoja na duka. Alikuwa wa kwanza wa Shufaa kukaa peke yake. Mama yake, Bi Mwaija, alikuja akilia njia nzima.

"Akianguka je?"

"Akianguka atainuka, nimemfundisha kuinuka," Shufaa akasema. "Lakini wewe, bibi, una mazoea ya kumwingilia. Kombo hataki. Kuanzia leo unapiga hodi. Akigonga sufuria, ingia. Ukipiga tatu asipogonga, hakutaki. Ondoka. Hata mimi nitaondoka."

Aliyasema hayo mbele yetu sote, na Kombo akagonga mara moja.

Akakaa miezi kumi na moja. Kuna siku alikataa kujibu kwa makusudi, maana alikuwa mvivu wa asubuhi, na Shufaa alifurahi kuliko siku anazojibiwa. Angepita dukani akicheka: "Kanifukuza! Kanifukuza kama mtu mwenye kwake!"

Alhamisi moja, saa tatu asubuhi, alipiga hodi tatu. Kimya. Akapita mbele yangu anatabasamu. "Leo kanifukuza tena," akasema, akaenda zake.

Kwenye saa tano nilikuwa nabishana na mwanamume aliyetoka Mkange kununua masufuria makubwa ya shughuli. Nikasikia upande wa ukutani sufuria inagongwa. Mbili. Kimya kidogo. Mbili. Nilijua kuna mteja upande wa pili wa duka anajaribu mali, nikamwacha ajaribu. Mteja hugonga mara mbili tatu akaacha. Huyu hakuacha. Aligonga mpaka nikamalizana na yule wa Mkange, mpaka tukafunga mzigo kwenye pikipiki, mpaka pikipiki ikaondoka. Nilipozunguka kumhudumia hapakuwa na mtu, na mlio ulikuwa umekatika. Nikasema, amechoka kusubiri.

Kesho yake Bi Mwaija alikuja, na yeye hakupiga hodi. Alisukuma. Mlango ulikuwa na komeo. Vijana wa bodaboda wakauvunja, wakamkuta Kombo sakafuni, amenasa kati ya kitanda na mlango, kichwa kimegonga ukingo wa saruji. Sufuria ilikuwa mkononi. Tupu. Upande mmoja ukingo umebonyea.

Msibani Bi Mwaija hakupiga kelele. Shufaa alipopiga magoti kumpa mkono wa pole, alimwambia maneno mawili tu: "Ulimfundisha kufunga." Shufaa akainuka, akatoka. Tangu siku hiyo hakumwachia mwanafunzi hata mmoja akae peke yake, na tangu siku hiyo anaingia majumbani kwa watu bila hodi.

Chumba nacho kikaota maneno. Nilipangisha mara tatu. Watu walihama, kila mmoja na hadithi yake, lakini sauti ilikuwa moja. Mchana, wanasema, kitu kinagonga. Niliwaambia ni panya. Ila mimi mwenyewe nilizihamisha sufuria kutoka ule ukuta nikazipanga upande wa barabarani, na nikaandika kwenye boksi kwa makaa: USIGONGE SUFURIA. Wateja walikasirika. Mtu atanunuaje sufuria bila kuisikia?

Mwaka jana, mwezi wa saba, akaja msichana mmoja dukani peke yake. Akanipungia mkono, akatoa simu, akaandika, akanionyesha.

*Shikamoo mama. Naitwa Nasrin. Nataka chumba cha nyuma.*

Nilikuwa nimemwona kituoni kwa Shufaa. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, kiziwi tangu homa ya uti wa mgongo ilipompiga akiwa na sita. Nyumbani kwao ni Mkange. Nikaichukua simu, nikaandika pole pole, maana vidole vyangu ni vya kushika mali, si vya simu.

*Marahaba. Chumba hicho kina sauti.*

Akasoma. Akaandika haraka.

*Mimi ni kiziwi. Hutapata mpangaji mwingine wa chumba chenye sauti. Kwa hiyo nipunguzie.*

Nikajua nimepatikana. Nilipunguza, nikamwambia asimwambie mtu.

Shufaa alipopata habari alikuja dukani, akaingia kama upepo, mpaka nyuma ya meza yangu. "Si chumba hicho. Na si peke yake." Nasrin alikuwa amemfuata. Wakabishana kwa mikono, na ingawa sijui lugha ya alama, ugomvi wa mikono nauelewa. Nasrin hakushuka bei hata kidogo.

Mwisho akaitwa kaka mtu, Bwanausi. Alikuja kutoka Mkange na kofia yake safi, akatoa shikamoo, akakaa kwenye kinu nilichomgeuzia.

"Mama zangu, mimi si mbaya," akasema. "Mdogo wangu nyumbani ana pa kulala na ana pa kula. Mke wangu ana watoto wanne, Nasrin atawaangalia. Huku atafanya nini?"

Nasrin alikuwa akimtazama midomo. Akamwandikia kwenye simu, na Bwanausi akatusomea kwa sauti, bila kutaka: "Kwako nalala sebuleni, kila mtu ananiruka akienda nje. Sina mlango."

Akamrudishia simu. Kisha akasema, "Haya. Siku arobaini. Akae siku arobaini, asitoke mtu kwenda kumsaidia. Lakini mkimvunjia mlango mara moja, au mkaufungua kwa ufunguo wenu mara moja, basi ni kwamba hawezi. Namrudisha Mkange, na maneno hayo tusiyarudie."

Arobaini. Mtu wa pwani anajua arobaini ni hesabu ya nini. Bwanausi hakuwa na nia hiyo, lakini Shufaa alinitazama, na mimi nikatazama barabarani.

Tukaja kwenye hodi. Kiziwi utampigiaje? Nasrin alikuwa ameshafikiri. Alitoboa tundu mlangoni, akapitisha kamba. Mwisho wa ndani kitambaa chekundu kinaning'inia juu ya meza yake ya cherehani. Ukivuta kamba nje, kitambaa kinaruka, anakiona. Yeye akivuta kwa ndani, kamba inakuvuta mkono, na hiyo ndiyo karibu yake. Lakini Shufaa alitaka ufunguo wa pili. Nasrin akakataa. Shufaa akataka komeo liondolewe. Nasrin akakataa.

"Mtakesha hapa," nikasema. "Hizo hodi zenu tatu ndizo tatizo. Tatu ni chache. Tuongeze moja. Anayekuja avute tatu, asipojibiwa asiondoke na asivunje. Achukue ndoo aende bombani, ajaze, arudi. Avute ya nne. Hapo kukiwa kimya, vunjeni, mlango ni wangu, nitaweka mwingine."

Shufaa akamtafsiria. Nasrin akafikiri, akaonyesha vidole vinne, akavikunja. Tumekubaliana.

Kila asubuhi Shufaa alikuja, akavuta, akasubiri, akavutwa. Sura yake ilikuwa ya mtu anayetia mkono kwenye tundu asilolijua. Nasrin alishona, alipika, alifua, alipata hadi mteja wa sare za shule. Siku zikaenda.

Siku ya thelathini na tatu ilikuwa Alhamisi. Shufaa alichelewa, akaja saa sita na nusu mchana. Nilimwona akivuta kamba. Akasubiri. Akavuta. Akasubiri. Akavuta ya tatu, akabaki ameishika kamba kama aliyeshikishwa kitu cha mtu.

Akaja dukani anakimbia. "Hajibu." Akachomoa mchi mmoja kwenye mali yangu.

"Bado ya nne."

"Mama Oscar, niachie!"

Na hapo ndipo ilipogonga, ukutani. Mbili. Kimya kidogo. Mbili.

Tulisimama. Nywele zangu za kisogoni najua zilifanya nini, sina haja ya kuwaambia.

"Umesikia?" akauliza.

"Nimesikia." Halafu, kwa kuwa maneno yalikuwa yamekaa mdomoni mwaka na zaidi, yakatoka. "Na siku ile nilisikia."

"Najua."

"Nani kakwambia?"

"Ulizihamisha sufuria ukutani. Mtu wa biashara hahamishi mali bila sababu." Akauinua mchi, akageuka. Nikamshika mkono kwa nguvu zangu zote. Tukivunja, msichana anarudi kurukwa sebuleni Mkange. Tusipovunja, tunajua kinachoweza kuwa. Ikagonga tena, na mara hii niliisikiliza kama ninavyosikiliza mali.

"Shufaa, tulia. Sikiliza. Hiyo imejaa."

"Nini imejaa?"

"Sufuria! Tupu inalia kama kengele. Yenye kitu inalia nzito, kama mlango. Hiyo ina ugali ndani, na iko motoni. Anagonga mwiko."

"Una hakika?"

"Mimi nauza nini?"

Akanitazama usoni, mchi bado uko juu. Akauliza taratibu, "Na siku ile? Ililiaje?"

Ningeweza kumdanganya. Kudanganya ndiyo kazi yangu, na mnunuzi alitaka kudanganywa.

"Tupu," nikasema. "Sufuria zote dukani ni tupu. Ndiyo maana nikasema ni mteja."

Akashusha mchi, lakini hakuuacha. Akachukua ndoo yangu kwa mkono wa pili, akaenda bombani. Ni hatua chache, unavuka kwa mama wa chapati, na sijawahi kuona mtu akienda mbali namna ile. Alirudi maji yamemlowesha gauni mpaka magotini. Akaweka ndoo chini, akavuta kamba mara ya nne.

Ikavutwa. Ikavutwa kwa hasira mpaka ikamponyoka mkononi.

Mlango ukafunguka. Nasrin, unga mpaka kwenye kope, mwiko mkononi, akaanza kusema kwa mkono uliobaki, na mwiko nao ukasema.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anasema ugali hauachwi njiani, ukiuacha unafanya madonge," Shufaa akasema. "Alikuwa ametugeuzia mgongo. Anauliza mchi wa nini."

Hakuingia. Huyu anayeingia hadi vyumbani mwa watu alikaa chini nje ya kizingiti, na mchi wake mapajani, mpaka Nasrin alipomshika mkono akamvuta ndani.

Baadaye Shufaa alitaka kumwambia Nasrin kwamba mwiko ule, anapoukung'uta kwenye ukingo, unatoa sauti. Msichana hajui. Atajuaje? Nikamkataza. Mwache akung'ute, nyumba ni yake.

Siku ya arobaini Bwanausi alikuja, akavuta kamba, akavutwa, akasubiri afunguliwe kama mgeni mwingine. Alikula akashiba. Jioni alirudi Mkange peke yake, na cherehani ya Nasrin ikaendelea.

Mmeshajua kwamba Shufaa hajapona. Kwa Nasrin anavuta kamba, kwingine kote bado anasukuma, na Hajra bado analalamika. Ila mwezi uliopita nilimwona akifanya kitu. Nasrin alikuwa ameenda kununua uzi na mlango ameuacha wazi, upepo uingie. Shufaa alifika, akaona wazi kwamba hakuna mtu. Akasimama nje. Akasema kwa mdomo, kwa sauti ya kawaida, "Hodi." Akasubiri. Akasema tena, na tena, kisha akatazama bombani kitambo, akasema ya nne. Halafu akaondoka. Hakunisemesha, na mimi nilijifanya napanga mabeseni.

Boksi langu la USIGONGE nimelitoa, maana biashara ilikuwa inakufa. Gongeni mnavyotaka. Lakini kila siku kwenye saa sita na nusu ukuta unapogonga, mbili, kisha mbili, nanyamaza katikati ya neno, hata kama mteja ananitukana, mpaka nihakikishe ni nzito. Katika kunyamaza huko, mtu akinitajia bei naitikia kwa kichwa tu, kumbe nimekubali. Wajanja wameshagundua. Siku hizi wanakuja saa hiyo hiyo.